Hasira Yenye Anwani

Albamu ya kwanza ya kundi la Rage Against the Machine la Los Angeles, iliyotoka Marekani Novemba 1992, imesikilizwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na wasikilizaji wake bado hawajakubaliana. Kuna wanaoipenda kwa mshindo wake, bila kujali inasema nini. Kuna wanaoikataa kwa kuwa wanamuziki waliolaani ubepari waliiuza kupitia kampuni kubwa ya kibepari. Na kuna wanaouliza imebadilisha nini duniani, na wasipoona kilichobadilika wanaiweka kando kama kelele za ujana. Kila moja ya hukumu hizi tatu ina ukweli wake, lakini zote zinaruka swali linalopaswa kutangulia tunapopima muziki wa kisiasa: je, unamwonyesha msikilizaji ni uamuzi wa nani uliomfikisha hapo alipo? Swali hili lina uzito wa pekee Lodwar na Kakuma, katika kaunti ya Turkana, ambayo shida zake zimezoeleka kuelezwa kuwa ni kazi ya jua, umbali na ukosefu wa mvua, kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuketi mezani akaamua lolote kuihusu.

Uhusiano wa albamu hii na Turkana upo katika kumbukumbu za historia. Mpiga gitaa wake, Tom Morello, alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1964. Mama yake, Mary Morello, ni mwalimu Mmarekani aliyewahi kufundisha Kenya, na baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia Mkenya. Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa Kenya, ni wa ukoo wa baba huyo, na katika hesabu ya udugu ni babu yake Morello. Kenyatta alihukumiwa Kapenguria Aprili 1953, akafungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, hadi 1959, kisha akahamishiwa Lodwar na kuwekwa kizuizini hadi 1961. Kakuma nayo ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka huohuo wa 1992 albamu ilipotoka, ili kuwapokea vijana wa Sudan waliokuwa wamefukuzwa na vita kutoka kwao, wakakimbilia Ethiopia, wakafukuzwa tena huko. Ukoo na tarehe peke yake havithibitishi hoja yoyote. Vinatosha tu kumnyamazisha anayedai kwamba muziki wa Los Angeles hauna la kuulizwa katika mji wa kando ya Mto Turkwel.

Kwanza tuisikilize kazi yenyewe. Ni rapu iliyowekwa juu ya metali, yaani roki nzito ya gitaa, besi na ngoma. Katika maelezo ya albamu wanamuziki waliandika kwamba hawakutumia sauti zilizonakiliwa kutoka rekodi nyingine, wala kinanda, wala sintesaiza. Tamko hilo lina maana, kwa sababu sikio linadanganyika. Kuna mahali unaposikia kama santuri inayosuguliwa na didijei, kumbe ni Morello anayekwaruza nyuzi kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwasha na kuzima swichi ya gitaa upesi upesi, sauti ikikatika vipandevipande. Mwimbaji wao, Zack de la Rocha, hapambi sauti yake. Anaanza chini, anarudia mstari mmoja mara nyingi, na kila marudio yanapanda hadi yanakuwa ukelele. Jalada lina picha aliyoipiga Malcolm Browne mjini Saigon mwaka 1963, ya mtawa Thích Quảng Đức aliyejichoma moto kupinga utawala wa Ngo Dinh Diem uliowakandamiza Wabudha. Asiyejua habari ya picha hiyo anaona mtu anayeungua. Anayeijua anaiona na serikali iliyosababisha moto huo, ingawa haimo ndani ya picha. Albamu nzima inamtaka msikilizaji apige hatua hiyo, kutoka maumivu yanayoonekana hadi mamlaka yasiyoonekana.

Msikilizaji wa mshindo hakosei kuanzia mwilini. Turkana inajua vizuri kwamba wimbo huingia kwa miguu kabla ya kuingia kwa akili. Katika edonga, ngoma ya Waturkana, watu hujipanga, mmoja huongoza na wengine huitikia, na uzito wa ngoma nzima hutoka kwenye sauti, makofi na vishindo vya miguu inayoruka na kutua pamoja. Lakini humohumo kwenye mshindo mna maneno: ng'ombe wa sifa, uvamizi, ukame, aliyekufa na aliyemuua. Anayeruka bila kusikia habari hizo amepata nusu ya wimbo. Ndivyo ilivyo kwa msikilizaji wa Rage Against the Machine anayetaka gitaa peke yake. Mwaka 2012 Paul Ryan, mgombea wa umakamu wa rais wa chama cha Republican, alijulikana kuwa shabiki wa kundi hilo, na Morello alimjibu hadharani kwamba yeye Ryan ndiye mfano hai wa ile mashine wanayoipigia kelele. Kenya ina mfano wake pia. Mwaka 2002 wimbo wa GidiGidi MajiMaji, Unbwogable, uliobeba ukaidi wa vijana wawili waliokataa kutishwa na maisha, uligeuzwa kuwa wimbo wa kampeni ya muungano wa vyama wa NARC, na wanasiasa walioucheza majukwaani wakaingia madarakani. Ujasiri ule haukuwa na anwani, kwa hiyo kila aliyetaka aliweka anwani yake mwenyewe juu yake.

Ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza kiwe kutaja. Wimbo wa kisiasa hufanya kazi yake pale unapochukua jambo ambalo watu wamelizoea kama majaliwa na kulirudisha kwa mtu au ofisi iliyoliamua. Kwa kipimo hicho albamu ya 1992 ina nyimbo zinazofaulu na zinazopungukiwa. Wimbo wake Wake Up unamtaja J. Edgar Hoover, aliyekuwa mkuu wa FBI, na kuingiza ndani yake maneno ya waraka wa shirika hilo kuhusu kuwazuia viongozi Weusi wasiunganishe watu. Msikilizaji anatoka na kitu anachoweza kwenda kukitafuta: jina, ofisi, karatasi. Lakini zimo pia sehemu ambapo adui anaitwa mfumo, na mfumo huo ni mpana kiasi kwamba kila mtu anaweza kujiona yuko nje yake, hata mgombea wa umakamu wa rais. Hapo ndipo udhaifu wa albamu ulipo kwa maoni yangu. Wanaoilaumu kwa ukali wake wanalenga pasipo, kwa maana inapokuwa kali kwa kutaja inasimama imara, na inapokuwa kali bila kutaja mtu yeyote anaweza kuibeba.

Sasa tukirudishe kipimo hicho Turkana. Chini ya utawala wa Mwingereza, hii ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambako mtu wa nje hakuingia bila kibali. Serikali ya kikoloni ilipotafuta mahali pa kumficha Kenyatta na wenzake, ilichagua Lokitaung kwa sababu jangwa na umbali vingefanya kazi ya ukuta. Kwa maneno mengine, upweke wa Turkana ulikuwa na matumizi, na yaliyo na matumizi huwa yanatunzwa. Uhuru ulipokuja, Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika uliweka kanuni kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Kanuni hiyo haikuitaja Turkana kwa jina, na haikuhitaji kuitaja. Baadaye barabara ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway. Mwaka 1990 serikali ya Kenya ikavunja uhusiano na Norway katika mzozo uliotokana na kukamatwa kwa Koigi wa Wamwere, mpinzani wa serikali aliyekuwa akiishi ukimbizini Norway, na msaada wa nchi hiyo kwa Turkana ukakoma. Dereva aliyehangaika na mashimo ya barabara ile miaka iliyofuata aliweza kuilaumu mvua na jua, lakini ndani ya mashimo yale mlikuwa na uamuzi wa kidiplomasia uliofanywa Nairobi. Mvua kweli ni haba Turkana, wala hakuna wimbo utakaoibadilisha hali ya hewa. Kinachobadilika kwa kutaja ni hesabu yetu ya kipi kilitoka mbinguni na kipi kilitoka kwenye meza ya ofisi.

Hapa udugu wa Morello na Kenyatta unatupa funzo gumu. Mtu aliyefungwa Lokitaung kwa kosa la kudai haki ndiye aliyekuwa rais wakati waraka wa 1965 ulipopitishwa. Nyumba aliyoishi Lodwar akiwa kizuizini imehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya mateso ya wapigania uhuru, na ni haki ihifadhiwe. Hata hivyo, mji uleule uliomlinda mfungwa ulipata kidogo sana kutoka kwa rais. Msikilizaji wa muziki wa kupinga mamlaka anapaswa kuyashika yote mawili kwa pamoja. Mashine haiko mbali siku zote, wala haina sura ya mgeni siku zote. Inaweza kuwa na jina la ukoo wako, inaweza kuwa shujaa wako wa jana. Albamu inayomfundisha msikilizaji kuwakasirikia watu wa mbali tu inamfundisha nusu, na kijana wa Lodwar anayeisikiliza ana haki ya kudai nusu ya pili: wimbo unaoikagua pia serikali ya kaunti, mbunge wa nyumbani, na mzee anayegawa ardhi ya malisho bila kuwauliza wafugaji.

Kakuma inakikaza kipimo hiki zaidi. Mkimbizi hatoki kambini kwenda Kitale au Nairobi bila kibali, kwa hiyo mambo ambayo raia huyaona ya kawaida, kama kutafuta kazi au kumtembelea ndugu, kwake hupitia ofisini. Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha na mgao wa chakula ukakatwa, wakimbizi wa Kakuma waliandamana. Aliye mbali angeweza kuitazama njaa ile na kuiita ukame, kwa sababu nchi inayoizunguka ni kavu. Waandamanaji walijua kwamba ni tarakimu iliyobadilishwa kwenye bajeti, na waliipeleka hasira yao kwa waliogawa chakula. Ujuzi huo haukuletwa na albamu yoyote. Wakimbizi wamekuwa na gazeti lao wenyewe, KANERE, tangu mwishoni mwa 2008, lililoandika habari za kambi kwa macho ya wanaoishi ndani yake. Wamekuwa pia na wanamuziki. Emmanuel Jal, aliyekuwa askari mtoto Sudan Kusini kabla ya kuletwa Kenya, alitoa albamu ya Warchild mwaka 2008, na ndani yake anamkabili rapa 50 Cent kwa jina kuhusu mchezo wa video unaogeuza kuua kuwa burudani. Mwaka 2018 alitoa Naath pamoja na dada yake Nyaruach, aliyewahi kuishi kambini Kakuma. Sauti ya Jal si ya metali, na mara nyingi inachezeka kwa furaha. Lakini anapomtaja mtu mwenye nguvu kuliko yeye na kumweleza alichokosea, anafanya kazi ileile ya Wake Up, na anaifanya akiwa na haki zaidi ya kusikilizwa, kwa kuwa bunduki aliishika mwenyewe.

Pingamizi la kwanza ni la unafiki. Albamu ya 1992 ilitolewa na Epic, tawi la Sony, na wanaoikataa husema huwezi kuilaani mashine huku mashine ikikulipa. Pingamizi hili lina nguvu juu ya mfuko wa mwanamuziki, lakini juu ya ukweli wa maneno yake ni dhaifu, na jibu lake liko Lokitaung. Mwaka 1958 wafungwa wa gereza lile walifanikiwa kutorosha barua kuhusu hali yao. Ilichapishwa Juni mwaka huo katika gazeti la The Observer la London, mji mkuu wa dola iliyowafunga. Gazeti lile liliuzwa, lilikuwa na matangazo ya biashara, na wasomaji wake walikuwa raia wa taifa linalotawala. Je, malalamiko ya wafungwa yalipungua ukweli kwa kupitia mlango huo? Walitumia njia iliyokuwepo kwa kuwa ndiyo iliyofika mbali. Mwezi huohuo Oginga Odinga naye alitumia mlango wa mkoloni: alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kutamka kwamba Kenyatta na wenzake bado ni viongozi wa watu, jambo lililowashtua hata Waafrika wenzake barazani. Tunachoweza kudai kwa haki kutoka kwa msanii aliye kwenye kampuni kubwa ni kwamba njia isimbadilishie maneno. Akianza kulainisha ili auze, hapo lawama inamstahili.

Pingamizi la pili linaumiza zaidi: nyimbo hazileti maji. Mama anayechimba mchanga kwenye mkondo mkavu kutafuta maji hana faida na gitaa la Morello. Nakubali bila kusita, na simwamini anayedai kwamba muziki unaangusha serikali. Lakini pingamizi hili linadai kutoka kwa wimbo kitu ambacho hatukidai kutoka kwa barua, hotuba wala gazeti. Video ya Freedom, wimbo wa Rage Against the Machine, ilieleza kesi ya Leonard Peltier, mwanaharakati wa Wamarekani Asilia, wakati alipokuwa gerezani. Peltier alitolewa Februari 2025, akamalizie kifungo chake nyumbani, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Kusema wimbo ulimtoa ni uongo. Lililo kweli ni kwamba jina lake lilibaki midomoni mwa watu ambao wasingelijua vinginevyo, na mfungwa asiyetajwa huoza kwa urahisi zaidi. Turkana ina ushahidi wake kuhusu nguvu ya malalamiko yenye anwani. Mafuta yalitangazwa mwaka 2012 baada ya kuchimbwa kisima cha Ngamia 1. Juni 2018 malori yalipoanza kuyabeba kwenda Mombasa, wakazi wa Turkana Mashariki waliyafungia njia wakidai usalama, na wakati huo mabishano juu ya sehemu ya mapato itakayobaki kwa wenyeji yalikuwa moto. Sheria ya Petroli ya 2019 iliipa kaunti asilimia 20 na wenyeji asilimia 5. Wengi waliona asilimia hiyo ni ndogo. Hata hivyo, ni tarakimu inayoweza kudaiwa mbele ya mahakama, na nyuma yake yalikuwapo madai ya watu waliojua ni ofisi gani ya kuidai.

Pingamizi la tatu linasema kwamba metali ni muziki wa kigeni, na kwamba ukipita Lodwar jioni utasikia injili, Bongo Fleva, gengetone na nyimbo za Kiturkana, na Kakuma utaongeza rumba ya Kongo na nyimbo za Sudan Kusini na Somalia. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote alazimishwe kupenda gitaa linalounguruma. Ninachotetea ni kipimo, na kipimo kinavuka mipaka ya mitindo. Tena kuna hatari inayofanya kipimo hiki kiwe cha lazima hapa kuliko mahali pengi. Lodwar na Kakuma ni nchi ya majirani wanaogombea kidogo kilichopo: mwenyeji anamwona mkimbizi akipewa chakula, mkimbizi anamwona mwenyeji akipita bila kuulizwa kibali. Wimbo wa hasira usio na anwani ukiingia katikati yao utampata adui aliye karibu zaidi, na aliye karibu zaidi ni jirani. Mwenyeji ataambiwa mgeni ndiye mashine, na mgeni ataambiwa vivyo hivyo juu ya mwenyeji. Wimbo unaotaja waraka wa 1965, kibali cha kutoka kambini na bajeti iliyokatwa unawafanya majirani hao wawili waangalie upande mmoja, kwa sababu aliyeitenga wilaya na anayemzuia mkimbizi kutembea wanatumia desturi ileile ya kutawala kwa kufunga njia.

Kwa hiyo maoni juu ya albamu ya kisiasa yaanzie kwenye maneno yake, kisha ndipo tuzungumze juu ya gitaa, kampuni na matokeo. Tuulize imemtaja nani, imetaja uamuzi gani, na kama tunaweza kuuhakiki uamuzi huo nje ya wimbo. Tuulize kama imemkagua na ndugu wa mwimbaji pamoja na adui yake. Tuulize nani atabebeshwa hasira hii ikitoka spika na kuingia mtaani. Albamu ya 1992 inajibu swali la kwanza vizuri katika nyimbo zake bora, inalijibu la pili kwa kiasi, na la tatu inamwachia msikilizaji. Watangazaji wa Radio Akicha na Radio Maata, waandaaji wa mashindano ya vipaji kambini, na vijana wanaorekodi kwa simu katika vyumba vya mabati wanaweza kuyaweka maswali haya mbele ya kila wimbo wanaoucheza au kuutunga. Turkana haijapungukiwa na sababu za kukasirika, na wala haijapungukiwa na waimbaji. Kazi iliyobaki ni kuwadai waimbaji hao watutajie majina, tarehe na karatasi, na sisi wasikilizaji tuwe watu wa kwenda kuzisoma.